Niliandika nina shahada ya uuguzi wakati bado naisoma. Nimeitwa kwenye usaili, nifanyeje?

"Shikamoo mama. Mimi ni muuguzi wa stashahada mwenye leseni hai. Nimefanya kazi wodini miaka sita, mitatu ya mwisho nikihudumia wagonjwa mahututi. Huku nikiwa kazini nasoma shahada ya uuguzi. Nimebakiza ripoti ya utafiti na somo moja ninalolirudia. Hospitali moja ilitangaza nafasi ya msimamizi wa zamu, sharti lake shahada. Mwenzangu wa kazini akanishauri niandike kuwa nimehitimu, maana mpaka mchakato uishe nami nitakuwa nimemaliza, na eti siku hizi hakuna anayefuatilia mradi leseni ipo. Nikaandika hivyo. Tena sikutaja chuo cha kwanza nilichosoma mwaka mmoja nikaondolewa kwa kufeli. Sasa nimeitwa kwenye usaili wiki ijayo na barua inataka nije na vyeti halisi. Nijitoe kimyakimya, ninyamaze nione, au niwaambie?"

Marahaba, mwanangu.

Waambie, tena kwa maandishi, kabla ya siku ya usaili, si ukiwa umeshakaa mbele yao. Kujitoa kimyakimya kunaonekana njia ya heshima, lakini fomu yenye sahihi yako inabaki kwenye faili lao. Ukiomba tena hapo mwaka kesho ukiwa na shahada halali, tarehe ya kuhitimu utakayoandika haitalingana na ile ya mwanzo, na swali utakaloulizwa siku hiyo litakuwa gumu kuliko la leo. Kunyamaza uone ndiko kubaya zaidi. Suala la chuo cha kwanza ni jingine kabisa, nitalifikia.

Nianze na kilicho mkononi mwako, kwa sababu naona katika barua yako umekitaja kama jambo dogo: leseni hai. Mtu aliyeghushi cheti kizima hana cha kupoteza ila kazi aliyoipata kwa hila. Wewe unacho. Umesota darasani, umefanya mafunzo kwa vitendo, umefaulu mtihani, umesajiliwa, umekesha na wagonjwa miaka sita. Vyote hivyo umeviweka rehani kwa ajili ya mstari mmoja wa karatasi ambao baada ya miezi michache ungeuandika kwa haki.

Mwajiri anayegundua udanganyifu wa elimu si lazima aishie kukunyima kazi. Anaweza kuandika kwa baraza la wauguzi, na mwingine analazimika kufanya hivyo. Baraza halitauliza kama unajua kuhudumia mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia. Litauliza kama unaaminika. Kanuni za maadili za NMC, chombo kinachosajili wauguzi wa Uingereza, zinamtaka muuguzi awe mkweli na mwadilifu wakati wote, na "wakati wote" hiyo inaingia mpaka kwenye fomu ya kuomba kazi. Chombo hichohicho kinauhesabu udanganyifu miongoni mwa makosa magumu kurekebishika. Sababu yake naiona ya haki. Muuguzi aliyekosea kipimo cha dawa unaweza kumrudisha mafunzoni, ukamsimamia, ukampima tena. Aliyeandika kisicho kweli akaweka sahihi, utampeleka kozi gani? Na huyohuyo ndiye tunayemtegemea saa tisa usiku aandike kwenye chati kwamba amepima presha, wakati hakuna mwingine aliyemwona akipima.

Pengine umesikia habari za Operation Nightingale. Januari 2023 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwashtaki watu 25 kwa mpango wa kuuza stashahada na nakala za matokeo za uuguzi. Vyeti zaidi ya 7,600 vilikuwa vimetolewa kupitia vyuo vitatu vya kusini mwa Florida kwa watu ambao hawakusoma walichodai kusoma. Linalonifanya niilete kesi hii kwako ni kwamba wanunuzi wapatao 2,400 walikwenda kufanya mtihani wa leseni wakafaulu, na baadhi ya wanunuzi walikuwa tayari wauguzi wa ngazi ya chini wenye leseni na uzoefu halali. Kwa maneno mengine, si wote walikuwa mbumbumbu wa kazi. Mabodi ya leseni ya majimbo yalipoanza kuwafuatilia na kufuta leseni, hoja ya "lakini kazi naijua" haikuwasaidia. Wewe hukununua cheti, na sikufananishi nao. Ila hoja unayotaka kujikinga nayo ndiyo hiyohiyo.

Sasa hilo la kwamba hakuna anayefuatilia. Nimekaa kwenye meza za usaili wa wauguzi kwa muda mrefu, nikuoneshe makaratasi yanavyosomwa. Afisa utumishi anaweka wasifu wako upande mmoja, nakala ya matokeo upande wa pili, leseni juu yake. Kidole kinashuka kwenye nakala ya matokeo moja kwa moja hadi chini, hakisimami kwenye alama za fiziolojia wala famakolojia, kwa sababu mstari unaotafutwa uko mwisho: shahada iliyotunukiwa, daraja, tarehe. Kwa aliye bado masomoni, mstari huo ni mtupu au pameandikwa kuwa matokeo ni ya muda. Kazi hiyo haihitaji upelelezi, inakwisha kabla hujamaliza kuvuta kiti.

Asiyenaswa hapo hunaswa na swali la upole. "Utafiti wako wa shahada ulihusu nini, na washiriki uliwapataje?" Aliyemaliza hulijibu kwa uchovu fulani, maana utafiti umemtesa. Niliwahi kumsikia mwombaji mmoja akilijibu vizuri kabisa, akaeleza mada, akaeleza dodoso, kisha ulimi ukamponyoka: "kwa sasa nachambua takwimu." Kwenye fomu alikuwa amehitimu mwaka uliotangulia. Alama zake za vitendo zilikuwa za juu kuliko za wote tuliowaona siku ile, na tulikuwa tumeshaziandika. Mwenyekiti alimshukuru, akamwita anayefuata. Nafasi ya wodi isiyohitaji shahada ilikuwapo katika tangazo hilohilo, na angeipata bila jasho.

Nyuma ya meza kuna uhakiki wenyewe. Hospitali inayotaka ithibati ya kimataifa haipokei nakala kutoka mkononi mwako ikaridhika. Inatakiwa kuuliza chuo na baraza moja kwa moja, yaani uhakiki kutoka chanzo chenyewe. Nchi za Ghuba, kama Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, hupitisha vyeti vya wahudumu wa afya kwa kampuni ya DataFlow, inayoandikia chuo na kusubiri jibu la chuo. Kwa Marekani, mfumo wa Nursys unampa mwajiri hali ya leseni ya muuguzi, na akijisajili hupewa taarifa kila hali hiyo inapobadilika. Rejista ya NMC iko wazi mtandaoni, mgonjwa mwenyewe anaweza kulitafuta jina lako.

Nakubali kuna hospitali zisizohakiki chochote siku ya kwanza. Mwenzako huenda anaijua moja. Lakini kutohakikiwa mwanzoni hakukuokoi; unaanza kazi ukiwa na deni ambalo mdai hajajua bado kwamba anakudai. Marilee Jones alikuwa mkuu wa udahili wa chuo cha MIT kule Marekani, aliyeingia pale mwaka 1979 akiwa ameandika elimu asiyokuwa nayo. Alipanda vyeo, akasifiwa kwa kazi yake, na Aprili 2007 akajiuzulu baada ya ukweli kujulikana, miaka 28 baadaye. Kinachouma ni kwamba kazi aliyoanzia haikuhitaji hata shahada. Tanzania nayo, Aprili 2017, uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ulitoa majina 9,932 ya wenye vyeti vya kughushi, wengine wakiwa kazini miaka mingi. Uhakiki huja na mkurugenzi mpya, na ukaguzi wa ithibati, na ombi lako mwenyewe la kupandishwa cheo.

Halafu kuna fedha. Ngazi ya mshahara wa msimamizi wa zamu mara nyingi imefungwa kwenye elimu. Kila mwezi utakaopokea malipo ya mwenye shahada bila kuwa nayo, kosa linahama kutoka kwenye maadili kwenda kwenye kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na mwajiri anaweza kudai arudishiwe.

Wauguzi wengi wazoefu huniambia shahada ni karatasi tu, kazi ni mikono. Nusu nawaunga mkono. Miaka mitatu kwa wagonjwa mahututi ni shule, na nimewaona wenye shahada mpya kabisa wakimkodolea macho muuguzi wa stashahada awaambie la kufanya. Lakini utafiti uliofanyika katika nchi 9 za Ulaya na kuchapishwa mwaka 2014 kwenye jarida la The Lancet, uliohusisha wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000 katika hospitali 300, ulikuta kwamba kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliambatana na kupungua kwa asilimia 7 kwa uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 tangu kulazwa. Haukusema kila mwenye shahada anamshinda kila mwenye stashahada. Ulichoonesha ni kwamba hospitali ina sababu ya kuhesabu ina wangapi wa aina gani, na hesabu hiyo inatoka kwenye fomu kama uliyojaza. Kama sharti la shahada kwa nafasi ile ni kali mno, na huenda ni kali mno, anayepaswa kulilegeza ni aliyeliweka. Ukijilegezea mwenyewe umemnyang'anya uamuzi huo.

Basi, andika. Ujumbe uwe mfupi namna hii:

"Ndugu Afisa Utumishi, naandika kuhusu maombi yangu ya nafasi ya msimamizi wa zamu. Kwenye fomu niliandika kuwa nimehitimu shahada ya uuguzi. Taarifa hiyo si sahihi. Bado ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Nimebakiza somo moja na ripoti ya utafiti. Kiwango cha juu cha elimu nilichohitimu ni stashahada ya uuguzi, na leseni yangu ni hai. Naomba radhi kwa kutoa taarifa isiyo sahihi. Nimeambatanisha wasifu uliosahihishwa. Endapo mtaona bado nafaa kwa nafasi hii, au kwa nyingine isiyohitaji shahada, nitahudhuria usaili kama ulivyopangwa."

Angalia visivyokuwamo. Hakuna "kwa bahati mbaya kulitokea kosa la uchapaji". Hakuna mwenzako aliyekushauri. Hakuna hadithi ya ada wala ya watoto. Kishawishi cha kuliita kosa la uchapaji ni kikubwa, najua, lakini huo utakuwa uongo wa pili, na huu utakuwa na tarehe, saa na anwani yako ya barua pepe. Tuma kwa anwani ileile iliyokuita, na ujiwekee nakala.

Kwenye wasifu, mstari wa shahada uubakize, maana kusoma huku unafanya kazi za zamu ni sifa. Uandike hivi: Shahada ya Uuguzi, jina la chuo, inaendelea, imebaki somo moja na ripoti ya utafiti, matarajio ya kukamilisha mwezi fulani. Usifanye ule ujanja wa kuandika jina la shahada na miaka miwili yenye kistari katikati, ukamwachia msomaji ajidanganye mwenyewe. Kila neno pale linaweza kuwa kweli, na bado umedanganya. Na huo mwezi wa matarajio uwe wa kweli. Ripoti za utafiti hurudishwa kwa marekebisho, msimamizi husafiri, na hata ukishafaulu kila kitu shahada si yako mpaka seneti ya chuo ipitishe matokeo. Katikati hapo chuo hutoa barua ya kukamilisha masomo, na waajiri wengi huikubali kwa muda. Msimamizi wako wa utafiti atakuambia ni lini hasa, muulize yeye badala ya kukisia kwa matumaini.

Kuhusu chuo cha kwanza: wasifu ni karatasi unayoitunga mwenyewe, na hakuna sheria inayokulazimisha kuorodhesha kila darasa ulilowahi kuingia. Kutokutaja masomo uliyoshindwa kwenye wasifu si udanganyifu. Fomu ni kitu kingine. Isome upya kabla hujalala leo. Kama imeandikwa "taja sifa ulizopata", uko salama, kwani hukupata sifa yoyote pale. Kama imeandikwa "taja vyuo vyote ulivyowahi kujiunga navyo", au inauliza kama umewahi kuondolewa masomoni kwa sababu yoyote, ulitakiwa kukitaja, na sentensi moja iongezwe kwenye ujumbe wako: mwaka fulani ulijiunga na chuo fulani, hukuendelea kwa sababu ya ufaulu. Usiongeze neno. Mabaraza na taasisi za kutathmini vyeti vya nje huuliza swali hilo mara nyingi kuliko hospitali, kwa hiyo zoea kulijibu bila kigugumizi. Kufeli mwaka mmoja kisha ukasimama tena hakumshtui mtu kwenye meza ya usaili. Wengi wa tunaokaa pale tunazo alama zetu tusizopenda kuzionesha. Ingekuwa uliondolewa kwa utovu wa nidhamu au kwa wizi wa mitihani ningekushauri kwa urefu zaidi, lakini umesema ni kufeli, nami nakuamini.

Wakishapata ujumbe, wanaweza kukuandikia kuwa hukidhi sharti. Hilo lingetokea hata kama ungeandika kweli tangu mwanzo, kwa hiyo usilihesabu kama adhabu ya kusema. Wajibu kwa shukrani na uulize kama kuna nafasi za wauguzi wa stashahada kwa wagonjwa mahututi, maana watu wa kada hiyo hutafutwa. Wanaweza pia kukuita vilevile. Ukiitwa, mwenyekiti ana haki ya kuuliza kwa nini uliandika ulichoandika. Jibu liwe fupi: "Niliitaka sana nafasi hii, nikaandika nilichotarajia badala ya nilicho nacho. Haikuwa sahihi, ndiyo maana niliwaandikia." Kisha unyamaze, usubiri swali linalofuata. Wengi huharibu hapa kwa kuendelea kujieleza mpaka wajumbe wanaanza kujiuliza kuna nini kingine.

Na wakikupa kazi kwa sharti kwamba ukamilishe shahada ndani ya muda fulani, sharti hilo liandikwe ndani ya barua ya ajira: cheo gani, mshahara wa ngazi ipi kwa kipindi hicho, na itakuwaje muda ukipita ripoti ikiwa bado kwa msimamizi. Ahadi ya mdomo ya matroni ni njema, lakini matroni naye huhamishwa.

Nitoke kidogo kwenye swali lako, maana wapo watakaosoma hapa ambao hawajagusa shahada lakini wana vyao. Kuna anayeandika "mtaalamu wa wagonjwa mahututi" kwa semina ya siku tatu. Kuna anayebakiza cheti cha huduma ya kufufua mgonjwa kilichokwisha muda akafunika tarehe wakati wa kutoa nakala. Kuna anayerefusha miezi minane ya mkataba ikawa mwaka na nusu. Na kuna mawakala wa ajira za nje ambao huchukua wasifu wako, wakauremba bila kukuonesha, kisha wakauambatanisha na sahihi yako. Kwa wakala sina huruma: dai kuona kila karatasi inayotumwa kwa jina lako, na akikataa, tafuta mwingine. Siku ya kuulizwa, wakala hatakuwapo chumbani.

Narudi kwako. Kesho asubuhi nenda ofisi ya msajili wa chuo chako uombe barua inayoonesha umefaulu masomo mangapi, yamebaki yapi, na chuo kinatarajia ukamilishe lini. Baadhi ya ofisi huchukua siku kadhaa kuitoa, na wewe una wiki moja tu, kwa hiyo waambie wazi kwamba ni ya usaili. Omba yenye muhuri, siyo ya kuchapishwa kutoka kwenye mfumo. Siku ya usaili iweke pamoja na cheti halisi cha stashahada na leseni, juu ya nakala ya matokeo, ili kidole cha afisa utumishi kikifika kwenye ule mstari mtupu akute maelezo yako pale pale.